Barua za Ofisi Zinalala Ndani ya Laptopu Yako

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi mnaoniandikia huligusa pembeni tu, kisha mnarukia mengine. Mmoja anasema shemeji yake huazima laptopu kila jioni kuangalia mpira, naye hana amani. Mwingine mashine yake iko kwa fundi na ndani mna mikataba ya ofisi. Wa tatu ameibiwa begi kwenye daladala, akabadilisha nywila ya barua pepe usiku uleule, na sasa anataka kujua kama amepona. Wote wanauliza kitu kimoja: barua pepe za kazini zilizomo ndani ya mashine, nani anaweza kuzisoma?

Jibu langu sitalizungusha. Kama diski ya mashine yako haijasimbwa, neno nitakalolieleza mbele kidogo, anaweza kuzisoma mtu yeyote atakayeishika mkononi kwa nusu saa akiwa na ujuzi kidogo. Nywila ya barua pepe haitamzuia, na nywila ya Windows haitamzuia. Nataka tuelewane vizuri hapo, kwa sababu nawaona wadogo zangu makini kabisa wamebeba mishahara ya wafanyakazi wote wa kampuni kwenye begi la mgongoni, na wanaamini wamefunga.

Tuanze na mahali barua zilipo. Tumezoea kudhani barua pepe ziko huko mtandaoni tu. Kwa mtu anayesoma barua zake kwenye kivinjari peke yake, hilo karibu ni kweli. Lakini ofisi nyingi hutumia programu: Outlook, Thunderbird, au Mail ya kwenye Mac. Programu hizo huzishusha barua kutoka kwenye seva na kuzihifadhi kwenye diski yako. Ndiyo maana unaweza kusoma barua ya mwezi uliopita ukiwa ndani ya basi la Dodoma, bando limekwisha na mtandao haupo.

Kwenye Outlook ile ya kawaida ya Windows, barua zote huingia kwenye faili moja kubwa. Kama akaunti yako ni ya Microsoft 365, Exchange au IMAP, jina la faili hilo huishia na .ost. Kama ni ya POP, au kama uliwahi kuhamishia barua za zamani kwenye akiba, huishia na .pst. Ukitaka kuliona la kwako, fungua Outlook, bofya File, ingia Account Settings, kisha Data Files. Litajitokeza na folda lilimo. Ndani yake mna barua ulizopokea na ulizotuma, viambatisho, kalenda na anwani za watu unaofanya nao kazi. Mtu akilinakili kwenye flashi, amechukua maisha yako ya kazini kwa mkupuo mmoja.

Wale wa kampuni ndogo, hasa zile zilizonunua anwani za barua pamoja na tovuti yao, mnisikilize kwa makini zaidi. Nyingi hutumia POP. Mpangilio huu hushusha barua kwenye mashine, kisha baada ya muda huziondoa kwenye seva. Outlook huacha nakala kwenye seva kwa siku 14 isipokuwa uwe umeielekeza vingine. Maana yake barua za mwaka juzi hazipo popote isipokuwa kwenye laptopu ya mhasibu. Hatari hapo ni mbili kwa pamoja: anayeiba anapata kila kitu, na ofisi inabaki mikono mitupu. Kama ndivyo mlivyo, usifute wala usihamishe chochote kwa sababu umesoma ushauri wangu. Weka nakala kwanza, halafu ndiyo tuendelee.

Thunderbird nataka tuitazame kwa karibu, maana yenyewe haifichi kitu. Barua zake hukaa ndani ya folda iitwayo Profiles, na kwa kawaida kila sanduku ni faili moja la maandishi matupu. Utakuta faili linaitwa Inbox, halina hata mkia wa jina. Libofye kulia, lifungue kwa Notepad. Litajivuta kidogo kama ni kubwa, kisha barua zinamiminika: mstari wa From, mstari wa To, Subject: Mishahara ya Machi, na chini yake barua nzima neno kwa neno. Viambatisho vinaonekana kama msururu mrefu wa herufi na tarakimu, lakini hiyo ni namna ya kufungasha tu, na programu za bure huurudisha ukawa mkataba uleule wenye sahihi na muhuri. Hakuna nywila iliyoulizwa popote. Najua baadhi yenu mmeweka ile Primary Password ya Thunderbird na mkapumua. Hiyo hulinda nywila za akaunti ulizozihifadhi ndani ya programu. Barua zenyewe haizigusi.

Outlook nayo ina nywila yake ya kuweka kwenye faili la .pst, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu ukiiweka unaombwa nywila kweli kila unapofungua. Lakini nywila hiyo haiyafungi yaliyomo. Haizidi herufi 15, na ndani ya faili haihifadhiwi nywila yenyewe bali alama fupi ya kuilinganishia, fupi kiasi kwamba nywila nyingine nyingi tofauti zinaweza kutoa alama ileile na mlango ukafunguka. Kuna programu za bure zinazoiondoa mara moja, na programu nyingine zinazosoma .pst haziiulizi kabisa. Faili la .ost ndilo halina hata hiyo nafasi ya kuwekewa nywila. Kwa hiyo nasema wazi: nywila ya .pst inamzuia mtoto anayebofyabofya, basi. Usimwambie bosi wako kwamba barua zimelindwa kwa sababu hiyo.

Tufike kwenye nywila ya Windows, ile unayoandika asubuhi. Tuseme ni ngumu, na mashine imezimwa. Fundi anaigeuza laptopu, anafungua skrubu, anachomoa diski na kuiweka kwenye kasha la USB la bei ndogo, anachomeka kwenye kompyuta yake. Diski yako inatokea pale kama flashi. Anafungua folda ya Users, anabofya jina lako. Windows yake inamwambia hana ruhusa ya folda hii, na chini ya maneno hayo ipo batani ya Continue. Anaibofya, yumo. Nywila yako haikuulizwa kwa sababu Windows yako haikuwashwa.

Siwachafui mafundi. Wengi ni waaminifu, na kwa njia hiyohiyo hutuokolea picha za harusi mashine ikifa. Nasema haya ujue kwamba siku ile ulipomwachia, uaminifu wake ndio ulikuwa ulinzi wako pekee. Na mwizi wa begi la daladala hana deni hilo kwako.

Dawa ya haya yote ni kuisimba diski nzima. Kusimba ni kuyageuza yaliyomo yawe mchanganyiko usiosomeka mpaka ufunguo wake utolewe. Diski iliyosimbwa ukiichomoa na kuiweka kwenye mashine nyingine, haionyeshi folda ya Users wala jina lako. Inadai ufunguo tu. Na uzuri wake ni kwamba hailindi Outlook peke yake. Inalinda zile nakala za viambatisho ulizozifungua zikabaki kwenye Downloads, faili za muda ambazo programu hujiwekea bila kukuambia, na kile kivinjari kilichohifadhi nywila zako. Watu hunung'unika wakitafuta njia ya kufunga folda moja tu ya barua. Mdogo wangu, barua hazikai kwenye folda moja. Funga diski.

Kama Windows yako ni Pro, Enterprise au Education, una BitLocker tayari, huhitaji kununua kitu. Bonyeza kitufe cha Windows, andika BitLocker, fungua Manage BitLocker uone kama imewashwa. Kama ni Home, angalia ndani ya Settings, Privacy & security, kama kuna Device encryption; mashine nyingi za miaka ya karibuni zinayo, na Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024 huiwasha yenyewe ukiisakinisha upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukiona pembetatu ya njano na maneno kwamba BitLocker inasubiri kuwezeshwa, ulinzi bado: diski imeandaliwa ila ufunguo uko wazi. Hilo huwakuta walioanza kutumia mashine bila kuingia kwa akaunti ya Microsoft. Wenye Mac mnatafuta FileVault. Wa Linux mnaijua LUKS, na ni vizuri kuichagua wakati wa kusakinisha, maana kuiongeza baadaye ni kazi.

Kwa laptopu za zamani zisizo na lolote kati ya hayo, iko VeraCrypt, ya bure, inayofanyiwa kazi tangu mwaka 2013. Inaweza kusimba diski nzima ya Windows, au ikakutengenezea sanduku moja lililofungwa ambalo ukilifungua linaonekana kama diski nyingine. Ukichagua sanduku, funga Outlook kwanza, hamishia .pst humo, kisha uielekeze Outlook mahali papya. Jioni funga Outlook, funga na sanduku. Ni njia halali, ila inategemea wewe kukumbuka kila siku, na faili za muda bado zinabaki nje. Ndiyo maana naitaja ya mwisho.

Kabla ya kuwasha usimbaji wowote, fanya mambo mawili. Weka nakala ya barua na kazi zako mahali pengine, na uhakikishe mashine ina chaji na imechomekwa. BitLocker ikikatizwa na umeme huendelea pale ilipoishia, lakini sipendi mtu afanye kazi hii huku betri imebaki mstari mmoja na mvua inatishia umeme wa TANESCO. Na kama laptopu ni mali ya ofisi, usiwashe kimyakimya. Nenda kwa mtu wa TEHAMA, mwambie unataka diski isimbwe na ufunguo uhifadhiwe ofisini. Ni ombi la mfanyakazi anayejali, wala hatakushangaa.

Ufunguo huo ndio nataka tukae nao kidogo, kwa sababu nimewaona watu wakisimba vizuri halafu wakalia. BitLocker hukupa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Siku mashine itakapoudai, na hutakuwa nao, hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Nairobi atakayekufungulia. Barua zako zimekwenda. Itaudai lini? Mara nyingi ni pale fundi anapobadilisha bodi, anapogusa mipangilio ya BIOS, au diski inapohamishiwa mashine nyingine. Kwa hiyo uchapishe. Karatasi moja iwe kwenye kabati la ofisi lenye kufuli, na kama mashine ni yako binafsi, moja iwe nyumbani unakoweka vyeti. Ukitumia akaunti ya Microsoft, ufunguo huweza kuwa umehifadhiwa huko, basi hakikisha unaingia kwenye akaunti hiyo leo, wakati hakuna shida. Usiupige picha ukaubakiza kwenye laptopu ileile. Usiutie kwenye mfuko wa begi la laptopu. Anayeiba begi anaiba begi lote.

Na ukienda kwa fundi kwa ajili ya kioo au kibodi, mwombe achomoe diski mbele yako uondoke nayo. Kioo hakihitaji diski. Kwenye laptopu nyembamba za siku hizi ambazo diski imegandishwa kwenye bodi hilo haliwezekani, na hapo ndipo usimbaji unapokutetea: ufunguo unabaki nawe, na nywila ya kuingilia humwachii. Akisema anaihitaji ili ajaribu mashine, mtengenezee akaunti ya pembeni isiyo na mamlaka, au kaa naye unaingiza mwenyewe.

Sasa, mdogo wangu, usimbaji una mpaka wake. Unalinda mashine iliyozimwa. Ukishaingia na kuifungua, diski iko wazi kwa yeyote anayekaa mbele ya kioo. Na tukisema ukweli, wengi mnaoniandikia hamsumbuliwi na mwizi. Mnasumbuliwa na watu wa nyumbani.

Huyu shemeji wa mpira. Binamu anayekuja kuchapisha CV. Mtoto wa darasa la tatu anayetaka katuni. Katika nyumba zetu kumnyima ndugu laptopu ni kama kumnyima maji, na mimi sikushauri ugombane na familia. Nakushauri uwafungulie akaunti yao ndani ya mashine hiyohiyo. Ingia Settings, Accounts, kisha mahali pa watumiaji wengine, ongeza mtumiaji, umpe jina Nyumbani, na uhakikishe ni Standard User, siyo Administrator. Hilo la pili ni muhimu kuliko mnavyodhani: mwenye Administrator anaweza kujipa ruhusa ya folda yako, mwenye Standard hawezi. Kuanzia siku hiyo, mtu akiomba mashine unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, kioo kinajifunga, unamwambia, "Ingia kwenye Nyumbani, ile nyingine ni ya ofisi." Ukisema kwa sauti ya kawaida, hakuna anayekasirika. Watu hukasirika unapowaonyesha kwamba huwaamini wao. Ukionyesha kwamba ni utaratibu wa kazi, wanaelewa.

La mume au mke ni gumu zaidi, na najua wengine mtasema dada anaingilia ndoa za watu. Katika nyumba nyingi wanandoa huambizana nywila za simu, na hilo ni lenu wawili. Lakini barua za ofisini hazina wawili. Ndani yake kuna mshahara wa jirani yenu, kuna ugonjwa wa mfanyakazi aliyeomba likizo kwa siri, kuna bei mliyoandika kwenye zabuni ambayo haijafunguliwa. Watu hao hawakukubaliana na mwenzako. Ukimwambia, "Simu yangu hii hapa, ila barua za kazi si siri yangu kuigawa," umesema kweli na hujamvunjia heshima. Akiendelea kudai, tatizo lenu halipo kwenye kompyuta, na mliongee kama tatizo la ndoa.

Ofisini nako usijisahau. Kufunga kioo unapokwenda kunywa chai ni sekunde moja, Windows na L, au Control, Command na Q kwa wa Mac. Weka pia mashine ijifunge yenyewe baada ya dakika tano. Na kwa kuwa BitLocker kwenye mashine nyingi huwaka bila kukuuliza kitu hadi ufike kwenye ukurasa wa nywila, nywila hiyo ya Windows isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Baada ya kusimba, yenyewe ndiyo inayobeba mzigo.

Kuna wanaoniambia, "Dada, mimi ni katibu tu, nani ana shida na barua zangu?" Nawajibu kwa mfano wa mbali na wa karibu. Wa mbali ni Sony Pictures ya Marekani. Novemba 2014 iligundulika kwamba wadukuzi wameingia kwenye mashine zao, kisha wakamwaga hadharani masanduku mazima ya barua za wakubwa. Yaliyozungumzwa sana magazetini yalikuwa maneno waliyoandikiana wakidhani wako wawili. Amy Pascal, mwenyekiti mwenza wa kampuni, aliomba radhi mbele ya dunia, na Februari 2015 ikatangazwa kwamba anaacha nafasi hiyo. Aprili mwaka huohuo WikiLeaks waliziweka barua zaidi ya 170,000 mahali ambapo mtu yeyote anatafuta kwa neno.

Wa karibu ni wizi wa malipo. Mtu akisoma barua zako za miezi mitatu anajua mteja gani anadaiwa, kiasi gani, atalipa lini, na wewe huandikaje: kama husema "Ndugu" au "Mheshimiwa", na hufungaje barua. Kisha anamwandikia mteja kwa anwani inayofanana na yako kwamba kampuni imebadilisha akaunti ya benki. Mteja analipa, tena kwa moyo mweupe. Katibu, karani wa manunuzi na mhasibu ndio wenye barua za aina hiyo, kuliko mkurugenzi. Na wewe ukipokea barua kama hiyo kutoka kwa mtoa huduma, usijibu kwa barua. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.

Njia nyingine ya kupunguza hatari ni kubeba kidogo. Kwenye Outlook iliyounganishwa na Microsoft 365 au Exchange, ukifungua mipangilio ya akaunti utakuta mahali pa kuchagua barua za muda gani zishushwe kwenye mashine, kuanzia siku chache hadi zote. Mwezi mmoja au mitatu unatosha kwa mtu wa safari. Za zamani zinabaki kwenye seva na utazitafuta ukiwa na mtandao. Kwa wa POP hili halipo, na ndiyo sababu mojawapo ya kumwomba bosi mhamie kwenye IMAP au huduma nyingine inayotunza barua kwenye seva. Simu pia ina nakala zake. Weka namba ya siri ya kweli, zuia maneno ya barua yasionekane kwenye kioo kilichofungwa, na uwashe huduma ya kuitafuta na kuifuta kwa mbali.

Halafu kuna nakala tulizozisahau. Kila ofisi ninayoijua ina flashi imeandikwa "bakapu", na kila mmoja wenu ana laptopu ya zamani chini ya kitanda. Wanafunzi wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kununua diski 158 za mtumba. Diski 129 zilifanya kazi. Kati ya hizo, 12 tu ndizo zilikuwa zimesafishwa ipasavyo. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, habari za matibabu na barua pepe za watu. Baadhi ya waliokuwa na diski hizo huenda walidhani wamefuta. Kutupa faili kwenye pipa la Windows na kulimwaga hakuondoi maandishi kwenye diski, na kuformati kwa haraka nako huacha karibu yote. Kwenye diski za kisasa za SSD hata kuandika juu ya faili hakukupi uhakika, kwa jinsi diski yenyewe inavyohamishahamisha data ndani kwa ndani. Diski iliyosimbwa tangu mwanzo ndiyo rahisi kuiaga: unaweka Windows upya, ufunguo unapotea, na kilichobaki hakisomeki. Hiyo flashi ya bakapu nayo isimbe, kwa BitLocker ya Windows Pro au kwa VeraCrypt. Na ile laptopu ya chini ya kitanda usiiuze wala kumpa mpwa kabla diski haijashughulikiwa.

Nirudi kwa yule mdogo wangu aliyeibiwa begi. Kubadilisha nywila ulifanya vyema, maana umezuia barua mpya zisiingie kwenye mashine ile na mwizi asiandike kwa jina lako. Za zamani zilizoshuka, zimo. Kama diski ilikuwa imesimbwa na mashine ilikuwa imezimwa, lala. Kama haikuwa, chukulia kwamba zimesomwa, na uanze kuandika orodha: ni wateja gani, ni wafanyakazi gani, ni nywila zipi uliwahi kutumiwa kwa barua. Mwambie mtu wa TEHAMA aondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti yako. Nenda polisi uchukue RB. Kwa ndugu zetu wa Kenya, namba ya OB. Kisha mwambie mwajiri siku hiyohiyo, hata kama unaona aibu.

Hilo la mwisho halina hiari. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaipa kampuni saa 72 tangu ijue kumjulisha Kamishna pale taarifa za watu zinapoangukia mikono mingine na wenyewe kuwa hatarini kudhurika. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Ukinyamaza wiki mbili ukitumaini begi litapatikana, unaiweka kampuni nzima pabaya, na wewe ndiye utakayeulizwa kwanza. Na kwa wale wanaodhani kuchungulia barua za mwenzako wa meza ya pili ni umbea tu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila idhini ni kosa la jinai.

Mnaoacha kazi, msiondoke na faili la .pst kwa kuwa mna kumbukumbu zenu humo. Omba barua zako binafsi, chache, kwa maandishi. Mengine ni ya ofisi, na siku yakivuja hutaki yawe yamevujia kwako.

Leo jioni, kabla hujazima mashine, bonyeza kitufe cha Windows, andika BitLocker, uone inakuambia nini. Ikisema imewashwa, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 uuone kwa macho yako. Ikisema imezimwa, panga siku ya wiki hii uiwashe. Na kama mashine yako haina kabisa, niandikie unatumia Windows gani na laptopu ya aina gani, nami nitakujibu hapahapa.